Gari kuukuu: mali au mzigo?

Leo naomba niweke kando siasa na bei ya kahawa, tuzungumze juu ya gari. Sizungumzii shangingi linalotimua vumbi kati ya Omurushaka na Murongo, wala basi la Mwanza. Nazungumzia gari lililokaa miaka 33 chini ya banda la kuwekea kahawa huko Nkwenda, wilayani Kyerwa, kuku wakitaga mayai kwenye kiti chake cha nyuma.

Ninazo sababu mbili za kulizungumza jambo hili. Kwanza, watu wengi wamekuwa wakiniuliza kama ni busara kununua gari la namna hiyo na kulifufua. Pili, mimi mwenyewe nimelinunua, na katika kulinunua nilikaribia sana kufanya dhulma. Nitaanza na gari, kisha nitafika kwenye dhulma.

Gari lenyewe ni Datsun 1600 SSS. Vijana wa leo wakisikia Datsun hufikiria pikapu ya kubebea ndizi. Lakini hizo S tatu nyuma ya buti zilikuwa na maana yake. Zilitangaza kwamba hili, ingawa lina milango minne kama gari la mwalimu mkuu, ni gari la kimichezo. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,595, ina kabureta mbili badala ya moja, breki za mbele ni za diski, na kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake bila kulivuta mwenzake. Kwa barabara zetu za changarawe, hilo la mwisho ni jambo kubwa kuliko mbio.

Mwaka 1970 gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, likiendeshwa na Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na Hans Schüller. Mwaka uliofuata wawili hao walishinda tena kwa Datsun 240Z, ambayo injini yake ya silinda 6 ni ndugu wa ukoo mmoja na hii ya silinda 4. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta kwa 240Z. Huyu alizaliwa Kampala, na familia yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Baadaye, kuanzia 1979 hadi 1982, alishinda miaka minne mfululizo, akafikisha ushindi mara tano. Wazee wetu waliokuwa na redio walizijua habari hizo kama wanavyojua leo matokeo ya Simba na Yanga.

Basi, gari hili lilifikaje Nkwenda, na kwa nini lilikufa? Mwenyewe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mfanyabiashara wa kahawa. Alilinunua likiwa tayari limetumika, katika miaka ya sabini, wakati Karagwe na Kyerwa zilikuwa bado wilaya moja. Zilitenganishwa mwaka 2012. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa. Vita ilipokwisha mwaka 1979 ikaja dhiki. Msikilizaji mwenye umri wangu atakumbuka kusimuliwa, na aliyetutangulia atakumbuka mwenyewe, jinsi petroli ilivyokuwa adimu hata magari ya watu binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Fedha za kigeni hazikuwapo, kwa hiyo spea hazikuwapo. Mwaka 1984 serikali ililegeza, watu wakaruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, lakini kwa magari mengi ya shamba nafuu hiyo ilikuja yakiwa yamekwisha kuvuliwa tairi.

Mzee huyu alijitahidi hadi 1988. Siku ya mwisho gari lilizimika karibu na soko, nasi watoto tuliokuwa tukitoka shule tukalisukuma hadi nyumbani kwake. Nilikuwa na umri wa miaka 9. Alitugawia miwa, akalifunika kwa jamvi, akasema atalitengeneza mavuno yajayo. Wakulima mnajua maana ya mavuno yajayo.

Nililiona tena mwaka 2021, nilipokwenda msibani katika kijiji hicho. Mjane wa mzee alinitambua. Tulipokuwa tunaongea akaniambia, "Mwanangu, wewe unatembea mijini. Amekuja mtu wa vyuma chakavu, anatoa shilingi laki 5 kwa lile kopo la baba yenu. Nimpe?"

Nikaenda bandani. Nikafunua jamvi. Zile S tatu zilikuwapo, kabureta zote mbili zilikuwapo, hata saa ya dashibodi ilikuwapo. Moyo ukanidunda. Nikarudi, nikajikohoza kama mtu asiyejali, nikasema, "Mama, usimpe. Mimi nitakupa laki 7." Akafurahi, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumjali.

Naam, ndugu msikilizaji, hapo ndipo ilipo ile dhulma niliyoitaja. Mimi nilijua na yeye hakujua. Huko Japani, Uingereza na Marekani gari la aina hii, likitengenezwa vizuri, linaweza kufikia bei ya gari jipya. Lile 240Z lililoshinda Safari mwaka 1971 lilifufuliwa mwaka 2013 na wafanyakazi wa kampuni ya Nissan yenyewe, kwa mikono yao. Tangu 2003 kuna mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na Björn Waldegård wa Sweden alishinda mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 68. Haya yote nilikuwa nayo kichwani wakati mama yule ananishukuru.

Usiku ule nilijitetea sana. Nilijiambia kwamba biashara ni maelewano. Nikajiambia tena kwamba nimemzidishia laki 2 juu ya bei ya mtu wa vyuma. Lakini mtu wa vyuma alikuwa ananunua chuma, na alisema kwamba ananunua chuma. Mimi nilikuwa nanunua gari la kimichezo kwa jina la kopo. Asubuhi nikarudi nikamweleza yote, nikimwonyesha na picha katika simu. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Jana ulikuwa unajua?" Nikajibu, "Nilikuwa najua, mama." Akanyamaza. Chai iliyokuwa mezani ikapoa bila mtu kuigusa. Hatimaye akasema, "Basi sema bei ya leo."

Tulikubaliana shilingi milioni 2 na nusu, kwa awamu mbili, kwa kuwa gari lilikuwa zima kwa jina tu, na kazi yote ilikuwa mbele yangu.

Ikafuata hatua ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo huwafikisha mahakamani. Kadi ya gari ilikuwa na jina la marehemu, na namba ilikuwa ile ya zamani inayoanza na TZ. Marehemu hauzi gari. Wala mjane, hata kama amelala na ufunguo chini ya mto miaka yote, hawezi kuhamisha umiliki kwa sababu tu yeye ni mjane. Panatakiwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kabla ya hapo kikao cha familia chenye muhtasari uliosainiwa.

Katika kikao hicho shemeji yake, mdogo wa marehemu, alisimama akasema gari ni mali ya ukoo na mwanamke hana kauli. Madai ya namna hii tunayajua sana huku Kagera. Ndiyo maana napenda kukumbusha kwamba mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri lililotoka mkoani humu humu, iliikataa kanuni ya mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Kama kwa ardhi ya ukoo imesemwa hivyo, sembuse Datsun iliyonunuliwa kwa jasho la mume na mke? Watoto wote walimuunga mkono mama yao, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua yeye. Ilichukua miezi minne. Katika miezi hiyo sikuligusa gari, hata kulipiga pasi ya kitambaa. Nakushauri nawe ufanye hivyo. Ukitengeneza gari ambalo si lako, umemtengenezea mwenzako.

Jambo moja lilitusaidia. Zamani gari lililolala liliendelea kudaiwa ada ya leseni ya kila mwaka. Ada hiyo ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, na badala yake tunalipa kupitia bei ya mafuta. Gari lisilotembea sasa halilipi kitu.

Sasa tuje kwenye ufundi. Wengi hudhani gari huharibika kwa kutembea. Ukweli ni kwamba gari huharibika pia kwa kusimama, tena kimyakimya. Petroli iliyoachwa kwenye tangi hukauka ikaacha utando kama gundi unaoziba mirija na kabureta. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo hula silinda za breki kwa ndani. Mipira yote hukakamaa. Ringi za pistoni hushikana na ukuta wa silinda. Panya hutafuna nyaya. Na kutu, ambaye halali, huanzia chini ya mazulia ambako macho hayafiki.

Kwa hiyo ukienda kulitazama gari kuukuu, usianze na rangi wala injini. Lala chini. Chukua bisibisi, gonga na chokoa fremu ya chini, mahali inaposhikwa miguu ya mbele na ya nyuma, na pembe za sakafu. Chuma kizima hulia, kilichooza humeza bisibisi. Injini hupatikana nyingine. Bodi iliyooza kwenye mifupa ni afadhali uiache kwa mtu wa vyuma. Gari la Nkwenda liliokolewa na lile banda. Sakafu upande wa dereva ilikuwa imekwisha, lakini mifupa ilikuwa mizima.

La pili, hesabu vilivyomo. Kipuri kidogo kisichokuwapo, mathalani kioo cha taa au pambo la mlango, kinaweza kukusumbua kuliko gia boksi. Injini ya ukoo huu iliwekwa pia katika pikapu kadhaa za Datsun, kwa hiyo gasketi na pistoni zinatafutika. Lakini kioo cha mbele cha SSS hakiko kwenye pikapu.

La tatu, usimkubalie mtu atakayesema, "Tulivute kwa trekta, litawaka." Fundi wangu wa Kayanga, mzee mwenye gereji chini ya mwembe, alianza kwa kutoa plagi zote nne. Akamimina ndani ya kila tundu mafuta mepesi ya kulainisha, akafunika, akasema turudi baada ya juma moja. Tuliporudi aliongeza, tukasubiri tena. Mara ya tatu alishika spana kwenye pua ya krenki, akasukuma taratibu mbele, akarudisha nyuma, mbele, nyuma, mpaka injini ikaachia. Kama tungelivuta kwa nguvu, ringi zingekatika na silinda zingechubuka. Baadaye aliifungua yote, akaipima na kubadilisha ringi, beringi za krenki, gasketi na sili. Alikagua pia viti vya vali, kwa sababu injini za miaka ile zilizoea petroli yenye risasi, na petroli hiyo ilikwisha kuondolewa katika nchi zetu kufikia mwanzo wa 2006.

La nne, breki hutangulia injini. Hili fundi alinifokea kama mtoto, nami namshukuru. Nilikuwa na hamu ya kusikia mlio. Akaniambia, "Gari lisilowaka haliui mtu. Linalowaka bila breki ndilo linaloua." Tulibadilisha masta silinda, mipira yote na mabomba yote ya breki kabla ya kutia hata lita moja ya petroli.

La tano ni la hatari. Tangi likitoboka, usikubali lichomelewe kabla halijasafishwa kabisa. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli uliobaki ndani ndio hulipuka. Na tairi zinazong'aa zisikudanganye. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwake. Ukiona 2311, maana yake ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2011. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani.

Spea tulizitafuta Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi, na ng'ambo yetu hapa, Mbarara, kwa kuvukia Murongo. Vilivyotoka ng'ambo tulivipitisha forodhani tukalipia. Iko njia ya panya, lakini kipuri kikikamatwa unapoteza kipuri na heshima.

Na fedha? Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo niliandika kila senti. Kununua, milioni 2 na laki 5. Lori la kulileta Kayanga, laki 1 na nusu. Mirathi na kuhamisha umiliki, laki 3 na elfu 20. Injini, milioni 1 na laki 9. Breki, shokapu na bushi, milioni 1 na laki 2 na nusu. Kunyoosha bodi, kuchomelea sakafu na rangi, milioni 2 na laki 4. Umeme, betri na tairi, milioni 1, laki 3 na elfu 80. Viti na vioo, laki 6. Jumla ni shilingi milioni 10 na nusu. Nilikuwa nimepanga milioni 4 kwa mambo yote. Nilikuwa nimepanga miezi 6, ikawa miaka miwili na miezi saba.

Kwa fedha hizo ningeweza kukaribia Toyota ndogo iliyotumika kutoka Japani, yenye kipoza hewa, na mke wangu hakuacha kunikumbusha. Yuko muhula mmoja ambao ada ya mtoto ilichelewa kwa sababu ya rangi ya gari. Sikulisema hilo kwa mtu hadi leo, na ninalisema ili wewe usilifanye. Kazi ya namna hii hulishwa kwa fedha ya ziada, na fedha ya ada si ya ziada hata siku moja.

Basi tujibu swali. Je, gari kuukuu ni mali au mzigo? Kama unatafuta chombo cha kukupeleka kazini kila asubuhi, ni mzigo. Rahisi huvunja upishi. Kama unatafuta faida ya haraka, ni mzigo vilevile, maana wanunuzi wa bei kubwa wako mbali, na wanataka kadi safi, namba za injini na za bodi zinazolingana na kadi, na kazi isiyo ya kuficha kutu kwa rangi. Lakini kama una subira, una fedha isiyodaiwa na mtu, na mifupa ya gari ni mizima, basi ni mali, hata kama hutaliuza. Vijana wawili wa gereji ile walijifunza kulinganisha kabureta mbili kwa kusikiliza tu mvumo wake kwa kipande cha mpira sikioni. Hicho ni kisomo, na gari jipya lenye kompyuta halikutoi.

Gari liliwaka vizuri na kupita ukaguzi mwaka 2024. Awamu ya pili ya fedha za mama nilikwisha kuilipa zamani, lakini alikuwa ameniambia kwamba likitembea nimpeleke kliniki katika hospitali ya Nyakahanga. Nilikwenda kumchukua Nkwenda alfajiri. Akakaa mbele, akafunga mkanda niliomwekea, akawa kimya mpaka Omurushaka. Pale akasema, "Baba yenu alikuwa anakimbia zaidi ya hapa."

Nikamwambia, "Mama, breki ni mpya, lakini dereva ni mwoga."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka nami tangu asubuhi ile aliyoniuliza kama jana nilikuwa najua.

Ndugu msikilizaji, kama nyumbani kwenu liko gari chini ya jamvi, usikimbilie kumwita mtu wa vyuma. Na kama wewe ndiye mnunuzi unayejua kilichoko chini ya jamvi, mwambie mwenye mali kabla hamjapeana mikono. Hadi juma lijalo, kwaherini.